Nguchiro Aliyehesabu Midomo

— Mpo?
— Tupo!
— Na masikio yapo?
— Yapo, tumeyatega!
— Basi ngano inapita, ipisheni njia.
— Na ipite!

Hapo kale, zamani za kale, katika kilima kilichoitwa Kwemhuzu, waliishi panya buku. Nasema panya buku, si panya wa nyumbani. Panya buku ni yule mkubwa, mwenye mkia mweupe nchani, abebaye chakula ndani ya mashavu yake kama mtu abebavyo mfukoni.

Panya buku hao walilima njugu mawe. Maji waliyatoa kijitoni kwa mfereji, na mfereji ule ulikuwa na desturi yake. Kila mtoto aliyeanza kushika jembe alipewa hatua moja ya mfereji. Aliisafisha mwenyewe, na hatua hiyo ikaitwa kwa jina lake. Hatua ya Sebughe. Hatua ya Nakijwa. Hatua ya Mrutu. Hakuna aliyegusa hatua ya mwenzake maadamu mwenzake yu hai. Kuigusa kulikuwa ni kusema kwamba mwenyewe amekufa.

Basi watoto walipozaliwa, mfereji ulirefuka. Mfereji uliporefuka, shamba lilipanuka. Shamba lilipopanuka, watoto walizaliwa tena. Wakaishi hivyo miaka mingi.

Ukaja mwaka mmoja, watoto wakazaliwa wengi mno kwa pamoja. Walikula tangu siku ya kwanza, lakini jembe walikuwa bado hawaliwezi. Ghala likapungua kabla ya mavuno. Panya buku wakaanza kuangaliana mashavu.

"Wewe, umeficha nini humo?"

"Jino linaniuma, ndugu yangu."

"Pande zote mbili?"

Hapo ndipo alipokuja Nguchiro. Ni nguchiro, si kicheche. Kicheche ana mistari na harufu, na siku ile hakuwapo. Nguchiro alikaa nje ya mlango, akatoa sauti laini.

"Hodi, wazee wangu. Nimesikia mna njaa."

Mzee Sebughe, mkuu wa Kwemhuzu, akachungulia. "Wewe unakula nini?"

"Mayai na panzi tu, mzee. Nyama hunipa kiungulia. Nimekaa kule juu nikahesabu midomo yenu. Mmezidi. Nipeni watoto, niwapeleke bondeni kwetu. Kule chakula kinaoza kwa kukosa walaji."

"Tukupe wale wanaonyonya?"

"Hapana, hao watalia njiani. Nipeni walioanza kushika jembe. Wale wanono wanono."

Bi Nakijwa alikuwa amesimama nyuma ya mkuu wake. Akamnong'oneza, "Mzee, wanaonyonya ndio wanaokula bila kazi. Mbona anawaruka?"

"Wewe mama una shaka hata na kivuli chako," akasema Mzee Sebughe.

Wakatoa watoto kumi. Mrutu, mwana wa Bi Nakijwa, alikuwa mmoja wao. Nguchiro akaondoka nao mmoja mmoja, kwa adabu sana.

Msimu ule sahani zilijaa. Watu wakapiga vigelegele. "Mnaona? Tulikuwa wengi mno!"

Msimu wa pili hatua kumi za mfereji ziliota majani. Maji yakafika Hatua ya Mrutu, yakasimama, yakamwagika porini. Hakuna aliyethubutu kutia jembe pale, maana mwenyewe yu hai bondeni, ananenepa. Shamba la chini likakauka. Ghala likapungua kuliko mwaka uliopita.

Nguchiro akaja mara ya pili. "Hodi, wazee wangu. Nimehesabu tena. Bado mmezidi."

"Lakini tumepungua!" akasema Bi Nakijwa.

"Mmepungua, na chakula kimepungua zaidi. Basi mmezidi. Si hesabu hiyo?"

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hesabu iliwaingia. Wakatoa wengine kumi.

Msimu wa tatu maji hayakuvuka hata nusu ya mfereji. Njugu zilitoka ndogo kama punje za mtama. Waliobaki walifanya kazi wakiwa na njaa, na kwa njaa hiyo kina mama wakaacha kuzaa. Bi Nakijwa peke yake alikuwa na watoto wadogo watatu, Nankondo, Mzirai na Kaniki, ambao ndiyo kwanza walikuwa wakijaribu jembe.

Nguchiro akaja mara ya tatu. Manyoya yake yaling'aa.

"Hodi, wazee wangu. Naona pale kuna watatu."

Bi Nakijwa akajitokeza mbele. "Kwanza nipe habari. Mrutu wangu hajambo?"

"Hajambo kabisa, dada! Amenenepa. Ameniambia, 'Mwambie mama asiwe na wasiwasi.'"

"Amekuambia kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Mrutu ni bubu tangu kuzaliwa."

Nguchiro akajilamba midomo mara moja tu. "Hewa ya bondeni, dada. Imemfungua ulimi."

"Haya, Bi Nakijwa!" akasema Mzee Sebughe. "Mtoto amepona nawe umenuna. Bwana Nguchiro, njoo kesho uwachukue watatu hao."

Nguchiro alipoondoka, Bi Nakijwa alimfuata kwa mbali, akipita chini ya nyasi. Hakuona bonde wala shamba. Aliona jiwe moja bapa ambapo Nguchiro alikuwa na mazoea ya kwenda haja. Akasubiri mpaka mwenyewe ameondoka, akasogea, akachokoa kinyesi kwa kijiti. Hapakuwa na maganda ya mayai. Palikuwa na meno ya mbele, marefu, ya manjano, kama yake mwenyewe. Akayaweka ndani ya mashavu, akarudi.

Hakwenda barazani. Alikwenda mferejini, akachukua jembe, akaingia katika Hatua ya Mrutu. Akaanza kung'oa majani.

Panya buku wakaacha kazi zao. "Bi Nakijwa! Unafanya nini? Mwanao yu hai!"

Aliendelea kulima mpaka alipofika mwisho wa hatua. Kisha akayatema yale meno, moja moja, miguuni pa Mzee Sebughe.

Mzee Sebughe akayatazama. Akasema kwa sauti ndogo, "Kesho atakuja."

Wakafanya shauri. Kilima cha Kwemhuzu kilikuwa na milango mitatu: Mlango wa Juu, Mlango wa Kati na Mlango wa Kijitoni. Nguchiro angekaribishwa ndani, kisha milango yote ingezibwa kwa mawe kutoka nje. Kila mlango ulihitaji migongo ishirini ya kusukuma jiwe. Wale watoto watatu walifichwa ghalani, ambamo nafasi ilikuwa tele.

Siku ya pili yake Nguchiro akafika. "Hodi, wazee wangu."

"Pita ndani, bwana. Watoto wako chumba cha mwisho."

Nguchiro akasita, akanusa. "Mbona leo mna heshima nyingi?"

"Ni shukrani, bwana."

Akapita. Jiwe likasukumwa, Mlango wa Juu ukazibika. Jiwe likasukumwa, Mlango wa Kati ukazibika. Kwenye Mlango wa Kijitoni walisimama Mzee Sebughe, Bi Nakijwa na vikongwe wanne. Wakasukuma. Jiwe likatikisika, halikwenda. Wakasukuma tena. Nguchiro akawajia mbio gizani, Bi Nakijwa akamng'ata sikio akalikata, naye akapenya kwenye mwanya, akatokomea.

Mzee Sebughe akaketi chini. "Laiti tungekuwa na migongo ishirini zaidi!"

"Tulikuwa nayo, mzee," akasema Bi Nakijwa. "Tulimpa wenyewe, kumi na kumi."

Watoto watatu wakatoka ghalani. Siku ileile kila mmoja akapewa hatua yake ya mfereji, na wazee wakazilima hatua za marehemu. Mwaka ule walikula kidogo. Mwaka uliofuata walikula zaidi kidogo. Na Nguchiro yu hai, anatembea, ana sikio moja.

Sikilizeni basi mafunzo yake. Watu huleta chakula na chakula huleta watu. Ukikata kimoja, umekata na cha pili. Wakizaliwa wengi kwa pamoja kutakuwa na njaa, nanyi ivumilieni mpaka mikono ikomae. Lakini atakayekuja kuwahesabia midomo bila kuhesabu mikono, muulizeni kwanza yeye anakula nini, na msiridhike na jibu lake.

Ngano yangu imefika mlangoni. Aliyeipenda aende nayo kwake. Asiyeipenda aniachie, nitalala nayo.