Ngoma Iliyoingiwa na Nyuki

Lililojaa sikioni halijafika uwanjani. Neno hilo alilisema Bi Chausiku wa Mihugwe siku vijana wa kikundi cha ngoma za arusi walipokuwa wakirekodi wimbo sebuleni kwake. Hemedi alikuwa amevaa hedifoni, kichwa kikimwenda huku na huku, akatangaza kwamba kazi imekwisha na haina dosari. Bibi akalitoa lile neno, kisha akaendelea kuchambua mchicha wake. Mjukuu wake Sikudhani akataka kujua methali hiyo imetoka wapi, maana shuleni hakuisoma.

"Shuleni utaisomea wapi?" alisema Bi Chausiku. "Imezaliwa hapahapa, na aliyeizaa alikuwa shoga yangu. Zimeni hiyo mashine niwaambie ilivyozaliwa."

Hapa Mihugwe, Uzaramoni, palikuwa na huyo shoga yangu, Bi Mwantumu, mpigaji wa msondo. Msondo ni ngoma ndefu yenye sauti nzito. Mambo ya ndani ya unyago hubaki ndani, lakini siku mwali anapotolewa uwanjani, msondo hupigwa ili hata aliye shambani ajue kwamba binti wa fulani amekuwa mtu mzima.

Bi Mwantumu alikuwa na desturi aliyoachiwa na mama yake. Akishaiotesha ngozi moto ikakaza, alimtuma mwanamke mmoja aende na kanga mpaka ukingoni, pale uwanja unapokwisha na mihogo inapoanza. Mpigaji ameikumbatia ngoma, inamtetemesha kifua; atajuaje imefika wapi? Aliye ukingoni akiisikia sawasawa, hupunga kanga. Kanga isipopungwa, ngozi hurudi motoni, na mwali havuki kizingiti hata kama jua linazama na wapishi wananuna.

Mwanawe Mwinshehe alikua akiyaona hayo. Alipokuwa mkubwa akaenda Dar es Salaam, akajifunza kutengeneza muziki wa filamu, akaanza kujulikana. Mtayarishaji mmoja, dada aitwaye Yusta, alipotaka filamu inayohusu binti anayetolewa mwali, alimfuata yeye. Mwinshehe hakufikiri mara mbili. Alikuja na vinasa sauti vyake, akamrekodi mama yake uwanjani asubuhi nzima, pamoja na mpiga zeze na wanawake wa vigelegele. Bi Mwantumu alipiga kama vile mwali wa kweli yuko ndani anangoja. Alipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Nitasikika, baba?"

"Utasikika, mama. Wataacha kula bisi wakusikilize wewe."

Aliporudi mjini, Mwinshehe aliona hedifoni zake za zamani hazistahili kazi hiyo. Akaenda Kariakoo kuchagua nyingine. Muuzaji akamwekea mbili mezani. Za kwanza zilikuwa nyepesi, kavu, hazina mbwembwe; zilimpa kila sauti kama ilivyo, na makosa yake. Alizivaa, akakunja uso. "Hizi zinanisomea mashtaka," akasema, na muuzaji akacheka. Za pili zilikuwa kubwa, zimemeza masikio yote mawili. Alipoweka ule msondo, besi ilishuka mpaka akahisi inapita chini ya meza. Tena sauti ilikuwa na nafasi. Zeze lilikuwa kule kushoto, mbali, vigelegele nyuma ya bega, na katikati mama yake, mkubwa kama mlima. Mwinshehe alifumba macho akajiona yuko Mihugwe. Alipoyafumbua alikuwa ameshaamua.

Akafanya kazi ndani ya hedifoni hizo mpaka filamu ikaisha. Na kwa kuwa besi ilikuwa tamu kiasi kile, aliona ule mlio wa juu wa ngozi, ule wa kofi la kiganja, unaharibu utukufu. Akaukata. Akaacha mvumo wa chini peke yake, mzito, unaotambaa. Machozi yalimlengalenga kila alipousikiliza.

Yusta alimwuliza, "Kaka, umejaribu kuisikiliza kwenye runinga ya kawaida? Watu wetu ndiko watakakoitazama."

"Dada Yusta, muziki wa filamu hausikilizwi kwenye kopo."

"Makopo ndiyo tuliyonayo," alisema Yusta, lakini siku zilikuwa zimebana, hakusukuma zaidi.

Bi Mwantumu aliomba filamu ionyeshwe Mihugwe mapema, wenzake waione. Siku hiyo akina mama wote wa unyago walikuja katika banda la video wamevaa kanga za sare. Yeye mwenyewe aliketi mbele kabisa, mikono imetulia mapajani, mimi Chausiku nikiwa ubavuni pake. Banda lilikuwa na runinga moja, na spika zake zilikuwa mbili ndogo tu za pembeni. Mwinshehe alisimama nyuma mlangoni. Hedifoni alikuwa ameziacha mjini, maana hakuona atakachozihitajia.

Ikafika pale mwali anapotolewa. Mlango ukafunguliwa, binti akavuka kizingiti. Zeze likalia jembamba kama mbu. Vigelegele vikapita. Chini yake hapakuwa na kitu. Mikono ya wapigaji ilionekana ikipanda na kushuka, na ngoma ilikuwa bubu.

"Mwantumu," nilimnong'oneza, "msondo uko wapi?"

"Subiri. Utaingia."

Haukuingia. Binti alizunguka uwanja mzima, akaketishwa mkekani, wakaanza mambo mengine. Nyuma yetu mtu mmoja akasema, "Mwali gani huyu, anatolewa kimyakimya kama kaiba kuku?" Watu wakaangua kicheko. Bi Mwantumu hakugeuka. Alivuta kanga yake mabegani kana kwamba kumeingia baridi.

Mwinshehe pale mlangoni alijua kilichotokea kabla kicheko hakijaisha. Zile spika hazikuwa na uwezo wa kushuka kule chini alikomweka mama yake, na kile kilichoweza kusikika, yaani kofi la kiganja, alikikata kwa mkono wake. Filamu ilipokwisha alimkimbilia mama yake nje.

"Mama, umo. Wallahi umo, tena tele."

"Nimo wapi?"

"Kwenye hedifoni. Ukisikiliza kwa hedifoni..."

"Mwanangu, kama uliona haifai, ungeniambia tu. Nisingewaita wenzangu." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomkata Mwinshehe maini.

"Nitazileta, mama. Nakuja nazo usikie mwenyewe."

"Haya, baba. Njoo nazo."

Alikusudia kuja wiki ile. Lakini Yusta alitaka muziki urekebishwe upya kabla filamu haijatoka, na Mwinshehe akajiambia ni afadhali amalize, aje na kazi iliyonyooka, kuliko kuja na maneno. Akalirudisha kofi la kiganja. Akajaribu kwenye runinga ya jirani, kwenye simu, kwenye redio ya muuza chipsi. Sasa msondo ulisikika kila mahali. Ila ulipotimia, mihogo ya Mihugwe ilikuwa imeng'olewa na kuanikwa.

Alimkuta mama yake anatwanga. Akamvika hedifoni juu ya kilemba, taratibu, akabonyeza. Bi Mwantumu alishtuka, kisha akatulia. Vidole vyake vikaanza kugonga mchi. Alisikiliza mpaka mwisho, akazivua mwenyewe.

"Kumbe nilikuwemo," akasema.

"Ulikuwemo tangu siku ya kwanza, mama. Na sasa nimerekebisha, hata spika za bandani zinautoa. Kalete msondo, tuwaite akina mama, nitawaeleza kosa ni langu."

Bi Mwantumu aliutazama mchi. "Msondo haupo. Ngozi niliivua. Gogo nimempa Mzee Pazi mfuga nyuki, kalifanya mzinga."

Mwinshehe akauliza, "Kwa nini, mama?"

"Ngoma iliyonyamaza mbele ya mwali, mpigaji mwenyewe ameketi palepale, nani atamtoa bintiye kwayo tena? Akina mama walikuja kuniambia kwa heshima kwamba hawataniita tena. Mabinti wa mwaka huu wametolewa kwa spika za kukodi."

"Nitamwomba Mzee Pazi alirudishe."

"Nyuki wameshaingia. Mzinga wenye nyuki hauombwi." Kisha akamwuliza swali ambalo Mwinshehe alikuwa akiliogopa bila kulijua. "Hebu niambie. Ulipokuwa unaipika hiyo kazi yako, ukingoni ulimtuma nani?"

 Mwinshehe hakumtuma mtu. Yusta, kwa lile swali lake la runinga, alitaka kwenda, naye akamzuia.

"Miaka yote ile ulikuwa unaniona," alisema mama yake. "Mimi niliyeikumbatia ngoma sikujiamini, wewe ukajiamini. Lililojaa sikioni, baba, halijafika uwanjani." Kisha akaushika mchi.

Jioni Mwinshehe alikwenda kwa Mzee Pazi. Gogo lilikuwa limening'inizwa mtini karibu na uwanja, na alama za viganja vya mama yake bado zilionekana mdomoni. Alilisogelea kadiri nyuki walivyomruhusu. Ndani mlikuwa na mvumo wa chini, mzito, mzuri mno. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukingoni, pale wanawake waliposimama na kanga. Akasikiliza sana. Hakusikia kitu.

Bi Chausiku aliuinua ungo wa mchicha akaukung'uta. Hemedi alikuwa ameshazivua hedifoni, amezishika mkononi kama kitu cha mtu mwingine.

"Bibi," aliuliza Sikudhani, "na aliyekuwa akipunga kanga ukingoni alikuwa nani?"

"Mara nyingi mimi. Siku hizi situmwi." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Hemedi, weka huo wimbo kwenye redio, nipelekeeni kiti kule kwenye mihogo. Lililojaa sikioni halijafika uwanjani."