Nyati na Majembe Thelathini

Zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuogopa wakwe kama sisi, Nyati alikuwa na kishamba cha ulezi. Kidogo! Ukipiga chafya huku, unasikika kule.

Mama mkwe wake alikuwa anakuja Ijumaa. Nyati alishamtumia salamu: palizi itakuwa imekwisha, na ghala halina pa kutia mguu. Basi akaita walimaji. Na desturi yao, kila anayeshika jembe lazima alishwe.

Jumatatu akaja Nguchiro, kijitu cha kiganjani. Chwa! Chwa! Matuta manne. Jumanne akaja na kaka yake: manane. Jumatano wakaja wanne: kumi.

"Unaona, mzee?" Nguchiro akasema, akilamba kidole. "Watu wakizidi, kazi inazidi. Kesho nilete thelathini?"

"Lete!"

Mke wa Nyati akaweka mwiko chini. "Baba watoto, wawili walipalilia manane. Hawa wawili wa kuongeza wamekuongezea mangapi? Mawili! Na wamemaliza sufuria nzima. Yamebaki matuta manane tu."

Nyati aliisikia hesabu hiyo, ikamwingia vizuri kabisa. Lakini kukubali mbele ya Nguchiro kwamba mke ameona na yeye hakuona? Thubutu.

"Wewe pika," akasema.

Alhamisi wakaja thelathini. Weee! Kiwiko kwa kiwiko. Jembe la huyu, mguu wa yule. "Yalaa!" "Sogea!" "Nisogee wapi?" Wakasogea kwenye matuta yaliyokwisha kupaliliwa. Pwata, pwata, ulezi ukalala chini. Hadi jua la utosi, matuta mawili tu. Kisha wakanawa mikono, wakala. Wakala mpaka ghala likabaki na popo.

"Beuu!" Nguchiro akacheua. "Ukituhitaji tena, mzee, tupo wengi!"

Ijumaa mkwe akapiga hodi. Nyati akakimbilia nyuma ya ghala. Na mwili ule!

"Toka, mwanangu," mkwe akasema, akigeuza uso pembeni kwa adabu. "Kichwa umekificha. Huko kwingine nakuona."

Akatoka, macho chini.

"Haya, nipe japo uji."

Nyati akamtazama mkewe. Mkewe akatazama ghala. Popo akaruka, puruu.

"Niliambiwa, mama," Nyati akasema, sauti kama ya ndama. "Tena nilielewa."

Basi jueni: shamba likishatosheka na majembe, jembe la kuongeza linalima ghala lako.