Kivuli Kilichokuwa Kimbilio

Kisa hiki alikisimulia kwanza Nyamizi binti Kasanda, wakati wa mavuno mwaka 1974, alipokuwa akipeta mtama pamoja na Kalunde na Mwashi, wake wa wanawe wawili. Njiwa alipita juu ya uwanja, kuku wote wakatimka, na Kalunde akaangua kicheko.

"Usiwacheke, mwanangu," alisema Nyamizi. "Hujui walikotoka."

Zamani hizo uwanda ulikuwa mtupu, hauna mti wala kichaka, na jua la adhuhuri liliua vifaranga kabla hawajaota manyoya. Mtetea alikuwa amepoteza vizazi viwili. Alipoangua cha tatu, vifaranga tisa ambao mabawa yake hayakutosha kuwafunika, alimwendea mwewe, jirani yake wa angani, akamwomba kivuli. Mwewe alikubali. Kila adhuhuri alishuka chini chini, akatandaza mabawa, akaelea palepale. Mtetea akawafundisha wanawe jambo moja tu: wakiona kivuli, wakikimbilie.

Jogoo alimdhihaki. "Haya makubwa! Mwewe naye amekuwa yaya?"

"Wewe ulilalia yai lini?" mtetea alimjibu. "Niache na wanangu. Safari hii watakua."

Mvua ilipokosekana, panya na panzi walitoweka. Mwewe alivumilia siku chache. Kisha adhuhuri moja alishuka na kivuli chake, akapaa na kifaranga mmoja.

"Kimbieni!" mtetea alipiga ukelele.

Nao walikimbia kweli. Walikimbilia kivulini, kwa maana hawakujua mbio nyingine.

Aliwakanya. Aliwakumbatia kifuani. Kesho yake kivuli kilipopita walimponyoka kwa furaha, wakilia kama watoto wanaompokea mgeni. Siku ya nane alibaki mmoja.

"Jirani, nilikukabidhi wanangu!" mtetea alilia.

Mwewe hakukasirika. "Siwafuati, dada. Wanakuja wenyewe. Na mimi nina njaa."

Hapo mtetea aliacha maneno. Kila kivuli kilipopita alimdonoa yule mmoja kichwani mpaka damu ikatoka: kivuli cha mwewe, cha njiwa, cha korongo, hata cha jani kavu lililoletwa na upepo kutoka mbali. Kumfundisha kutofautisha hakukuwa na nafasi. Kosa moja tu, na kizazi kingekwisha. Kifaranga akajifunza. Kisha adhuhuri moja, jua likiwa kali mno, mtetea alifunua bawa amfunike. Kifaranga alipoona kivuli cha bawa lile alimkimbia mama yake, akajibanza ubavuni mwa jiwe la moto, macho yamemtoka.

Mtetea alibaki amesimama, bawa wazi, hana wa kumfunika. Jogoo aliona yote, wala hakucheka tena.

Na tangu siku hiyo kuku hula akiwa ameinua jicho moja juu. Jogoo ndiye wa kwanza kupiga ukelele, na vifaranga hutawanyika kila mmoja na tundu lake, hata akipita njiwa asiye na kosa. Mama huwaita kwa muda mrefu kabla hawajarudi.

Nyamizi alifariki mwaka 1983, na Mwashi akamfuata miaka sita baadaye. Kalunde yu hai, ila macho yake hayaoni mbali. Vifaranga wale wanane hawapo. Mwewe yupo.