Kwa Nini Simbamoto Hushika Pumzi Kabla ya Kutema Moto

Haya, wekeni simu chini kidogo, mchezo hautakimbia. Huyo simbamoto mnayemwinda humo ndani mnamjua kwa nguvu zake tu, lakini kwao hamkujui. Kwao ni mlima Kighombo. Na zamani hizo, kabla hajaingia kwenye kioo cha simu ya mtu yeyote, simbamoto hakujua kushika pumzi. Kila alipotoa pumzi, ulitoka moto. Akilala, moto. Akipiga miayo, moto. Akikohoa, ndiyo basi tena, mteremko mzima unabaki jivu. Wala haukuwa ukali. Ndivyo alivyoumbwa, kama nyinyi mlivyoumbwa na makelele.

Watu wa Kighombo walikuwa wafinyanzi, na walifuga viumbe kwa desturi yao wenyewe. Hawakutumia kamba wala mtego. Mtu akimpenda kiumbe, alimfinyangia chungu cha kipimo chake, akakiacha njiani anapopita, kisha akaenda zake. Kiumbe akikipenda chungu aliingia mwenyewe akalala, na kuanzia hapo alikuwa wa nyumba ile. Hayo ya kumrushia mnyama chungu kichwani mmeyaanza nyinyi. Kila nyumba ilikuwa na wake: huyu ana kobe wa kubeba kuni, yule ana nondo wa kumulikia sebule. Wewe unayecheka, usiniulize kobe mkubwa vile aliingiaje kwenye chungu. Kwenye simu yako anaingia kwenye nini?

Simbamoto peke yake hakuwa na chungu. Hakuna aliyeweza kumsogelea akamchukua kipimo.

Fundi wao mkuu wa vyungu hivyo aliitwa Nakijwa. Alikuwa mjane, mwenye mikono mipana na mdomo usiotulia. Shimo lake la kuchomea vyungu halikuzimika mwaka mzima, na asubuhi nyumba zote zilikwenda kwake kupalia moto. Alipokuwa akichimba udongo korongoni, mara nyingi alimwona simbamoto ng'ambo, ameketi juu ya mwamba mtupu, anatazama moshi wa nyumba za watu. Nakijwa humwambii anyamaze. Alimpigia ukelele, "Habari za huko, jirani?" Simbamoto alifungua kinywa, majani yaliyokuwa mbele yake yakaungua yote, naye akarudi nyuma ameinamisha kichwa. Nakijwa alimwonea huruma sana. Alikwisha zoea watu wasiojibu salamu, lakini huyu alionekana anataka kujibu.

Basi ukaja mwaka wa mvua isiyokatika. Ilinyesha mpaka watu wakaacha kuhesabu siku. Kuni zikaoza, mapaa yakavuja, na asubuhi moja maji yakaingia katika shimo la Nakijwa. Moto wa kijiji chote ukafa hapo. Watu walipekecha vijiti mpaka viganja vikachubuka, wasipate hata moshi. Na katika wiki hiyohiyo, binti yake Nakijwa, Namkunda, akajifungua kabla ya miezi yake. Mumewe alikuwa amezuiwa na mto ng'ambo ya pili. Mtoto alikuwa njiti, wa kike, mdogo kiasi cha kulala kwenye kiganja cha bibi yake na kikabaki na nafasi.

Mtoto njiti hana joto lake mwenyewe, lazima aazimwe. Namkunda alimlaza kifuani, lakini Namkunda mwenyewe alikuwa na homa ya baridi, anatetemeka. Nakijwa akamchukua, akamfunga mgongoni chini ya nguo zote alizokuwa nazo. Ilipofika siku ya pili alimgusa miguu, akaikuta ya baridi. Mtoto hakuwa akilia tena. Nakijwa alijua maana yake, kwa sababu alikwisha zika wawili.

Ndipo akamkumbuka jirani yake wa ng'ambo.

Akiba yake ilikuwa chungu kimoja kikubwa, kibichi, hakijachomwa. Akawaza hivi: simbamoto akipashe moto, kikipoa kidogo mtoto alazwe ndani, na joto likae humo kama linavyokaa katika chungu cha uji. Kuwasha moto wa kuni kusingewezekana, kuni zote zilikuwa maji matupu. Mawe nayo hayakufaa, kwani mawe ya Kighombo yakipata moto hupasuka. Akakiweka chungu kichwani, mtoto mgongoni, akaanza kupanda.

Mbonea, mdogo wa marehemu mumewe, alimwona anapita.

"Shemeji, unakwenda wapi na mvua hii?"

"Kwa jirani."

"Jirani gani huko juu? Shemeji, yule anakuunguza kabla hujabisha hodi."

"Mjukuu wangu anapoa, Mbonea. Nipishe."

Akampisha.

Pango la simbamoto lilikuwa kavu na tupu, kuta zimekuwa nyeusi. Nakijwa alisimama pembeni ya mlango, nyuma ya jiwe, akabisha hodi kama mtu mwenye adabu zake. Kisha akakisukuma chungu ndani kwa fimbo ndefu, akamweleza simbamoto shida yake yote, neno kwa neno, huku analia. Simbamoto alimsikiliza. Hapakuwahi kuwa na mtu aliyemwomba kitu. Akakisogelea chungu, akakipulizia.

Sasa hapa kila mfinyanzi angeshika kichwa. Chungu cha mnyama hukaushwa kivulini siku kumi na nne. Kikiwa na unyevu na kikapata moto, hupasuka. Nakijwa alikuwa amewafundisha jambo hilo wasichana wa vijiji vitatu, na aliyekosea alimgombeza mpaka akalia. Lakini siku ile hakuwa mfinyanzi, alikuwa bibi. Chungu kile kilikaa na mvua tangu siku kilipofinyangwa. Kikalia kishindo pangoni, vigae vikaruka kila upande.

Nakijwa alisahau moto, akasahau kujificha. Alikimbilia vigae, akapiga magoti, akaanza kuviokota kimojakimoja kana kwamba vingeungana tena. Watu husema mfinyanzi hulia gaeni, na yeye hata gae la kulia hakubaki nalo. Simbamoto naye alishtuka, akavuta pumzi kifua kizima, akasogea kutazama alichoharibu. Alipofika nyuma ya Nakijwa, kitu cha kwanza kukutana na pua yake kilikuwa kichwa cha mtoto, kimechomoza kwenye mbeleko, chenye nywele kidogo za kulowa.

Pumzi ilikuwa tayari kooni. Tangu azaliwe hakuwahi kuizuia hata moja, wala hakujua kwamba pumzi huzuilika. Akafunga kinywa. Akakaza taya mpaka meno yakalia.

Nakijwa akasikia joto shingoni. Akangoja moto ufuate, usifuate. Akageuka polepole, akamwona simbamoto amesimama kifua kimejaa, machozi yanamtoka, na mbavu zake zinatoa joto kama shimo la vyungu siku ya pili, lile linaloivisha kwa kuwa limefunikwa. Akaweka mkono ubavuni mwake. Haukuungua.

"Usitoe, baba," akamnong'oneza. "Usitoe bado."

Simbamoto alishika kadiri alivyoweza kushika. Aliposhindwa, alikimbia mpaka mlangoni, akageuzia uso nje, akautema moto mvuani, mvuke ukapanda. Kisha akarudi mwenyewe, bila kuitwa. Akavuta pumzi nyingine, akajilaza ubavu, akamtazama Nakijwa. Nakijwa akamfungua mtoto mgongoni, akamlaza pale mbavuni, akaweka mkono wake juu.

Mbonea alipofika na mkuki wake jioni hiyo, aliwakuta hivyo.

"Shemeji, toka hapo," alisema, mkuki ameuinua.

"Sema polepole, mtoto kalala."

"Na huyo akikohoa?"

"Akikohoa tutaungua sote. Weka huo mkuki chini, ukamlete Namkunda. Maziwa hayaji yenyewe."

Mbonea aliuegemeza mkuki ukutani, akateremka. Alimbeba Namkunda mgongoni njia nzima ya utelezi, akaanguka mara mbili, na mara zote mbili alianguka kifudifudi ili binti wa ndugu yake asiguse matope. "Baba mdogo, niache nitembee," Namkunda alikuwa akimwambia. Mbonea alizidi kupanda, hakuwa na pumzi ya kujibia.

Wakakaa pangoni. Simbamoto alishika pumzi, akaenda mlangoni, akarudi, akashika, mchana na usiku, na Nakijwa alibana pumzi yake pamoja naye ili asiwe peke yake. Aliacha yeye mapema, maana mtu hana kifua cha simba, lakini alianza naye kila mara. Ilimuuma simbamoto, msifikiri haikumuuma. Moto uliozuiliwa hurudi ndani. Siku ya tatu alikuwa anatetemeka miguu, na Namkunda, aliyeanza kupata nafuu, alimpangusa machozi kwa upindo wa nguo yake.

Siku ya tano mtoto akalia. Kilikuwa kilio chembamba, lakini kilikuwa na hasira ndani yake, na Nakijwa alipokisikia alikaa chini akalia na yeye. Mtoto alikuwa anataka kunyonya. Siku ya saba aliweza kukunja ngumi. Siku hiyohiyo akaukamata unywele wa manyoya ya kifua cha simbamoto, akaung'ang'ania, na wakati huohuo kikohozi kikampata simbamoto.

Hakikuwa kikohozi cha kubembeleza. Kilipanda kwa nguvu, na mlango ulikuwa mbali. Kuinuka angemwangusha mtoto juu ya mwamba. Mbele yake alikuwa Namkunda amesinzia, kushoto Nakijwa, kulia Mbonea. Simbamoto akapindua shingo yote nyuma, akaelekeza kinywa kwenye bega lake mwenyewe, akautema moto hapo.

Hakuunguruma. Kifua hakikutikisika. Nakijwa alisikia harufu ya manyoya yaliyoungua, akafumbua macho, akaona nyama ya bega inatoka moshi na mtoto bado amelala, ngumi yake bado imeshika ule unywele. Lile baka jeusi begani mnalodhani ni pambo lililochorwa, ndilo hilo.

Mbonea ndiye aliyetoka mvuani kuchuma majani ya kumkanda. Alimkanda kwa mkono wake, yeye aliyepanda na mkuki. "Pole, mzee," alimwambia. "Pole sana, mzee mwenzangu." Halafu akageuza uso, akasema moshi umemwingia machoni.

Mvua ikakatika siku ya kumi na moja. Waliteremka wote, simbamoto nyuma yao, na alipofika nyumba ya kwanza watu wakafunga milango. Akasimama katikati ya njia. Akavuta pumzi, akaishika, akatazama huku, akatazama kule, akahakikisha hakuna mtu. Kisha akageukia shimo la Nakijwa, akalipulizia. Likakauka, na kuni mbili zilizokuwa pembeni zikashika moto. Milango ikafunguliwa mmojammoja. Mwanamke wa kwanza kutoka alikuwa ameshika kigae cha kupalia moto mkononi, wala hakujua amekichukua saa ngapi.

Nakijwa alimfinyangia chungu. Mara hii alikikausha kivulini siku kumi na nne zote, na aliyemharakisha alimpa jibu lake. Alikuwa amekwisha mchukua kipimo muda mrefu, kwa mkono, ubavu kwa ubavu. Alipokiweka juu ya ule mwamba wa ng'ambo, simbamoto alikinusa, akazunguka mara moja, akaingia, akalala.

Na tangu siku hiyo simbamoto hatemi moto ovyo. Huvuta pumzi, huishika, huangalia huku na huku, ndipo huachia. Watoto wake humwiga, na watoto wa watoto wake, mpaka huyo aliyefika kwenye simu zenu. Kwa hiyo ukimtuma mbele ya adui, ukamwona amekaa kimya zamu nzima, kifua kimejaa, macho yanazunguka, usimbonyezebonyeze kwa hasira ukamwita mzembe. Hajachoka wala hajaogopa. Anatazama kwanza kama hakuna mtoto mbele yake.