Turubai Nyuma ya Choo cha Geti

Mchungaji kasoma miaka saba, lakini akiishiwa maneno ananisukumia mimi niliyeishia darasa la pili. Haya. Nyie wa benchi la nyuma, simu mfukoni. Sirudii.

Kulikuwa na mpagazi mmoja, mwanzo wa vuli, anapandisha mizigo ya wageni mlimani. Getini kuna mizani: kilo ishirini, haizidi hata moja. Mzigo wake ukasoma ishirini na nne.

"Punguza au baki," mpima mizigo akamwambia.

Redio yake kubwa ilikuwemo, na viazi vyake. Hakuvigusa. Akachomoa turubai la mvua, lile la kufunika hema wanamolala wapagazi wote wanane, akalisokomeza kichakani nyuma ya choo. Jua lilikuwa kali. Nani kamwona?

Hajaenda mbali, akaona wingu. Wingu lenyewe dogo, lakini akageuka kutazama getini.

Kambi ya kwanza akapiga hesabu: kulifuata ni mwendo wa saa tatu tu. Lakini kiongozi wa msafara akimwuliza anarudia nini, atasemaje? Akapiga magoti. "Bwana, izuie mvua." Kambi ya pili, kulifuata ni kutwa nzima. Akaomba zaidi. Chakula hakigusi, macho ni mawinguni tu.

Wenzake wakamcheka. "Jamani, safari hii tumepanda na askofu! Sadaka tunampa nani?"

"Mwacheni," akasema mpishi, mzee aliyekuwa akimwekea ukoko kila jioni. "Angalau yupo anayetuombea. Endelea, mwanangu."

Nawauliza: alikuwa anawaombea wao?

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, mvua ikamwagika, ikageuka theluji. Mpishi akapekua mizigo yote.

"Mwanangu, turubai uliliweka wapi?"

"Labda wamebeba wenzetu, babu."

Hema likavuja kama chujio. Kulipokucha vijana walikuwa wanatetemeka. Mpishi alikuwa ameacha kutetemeka, anaita kwa majina mbuzi wake waliokufa zamani.

Mnanitazama nini? Tuko wangapi humu tunafunga na kukesha ili mvua isinyeshe, na turubai tumelificha wenyewe? Tunaomba mke asijue. Tunaomba mweka hazina asihesabu. Tukilia sana watu wanatuita watu wa maombi, na sisi tunaitika! Mungu kakupa miguu, mwanangu. Inuka ukalifuate, leo, wakati bado ni mwendo wa saa tatu. Kesho ni kutwa. Keshokutwa hutalifikia.

Yule mpagazi redio yake aliiacha kule kule juu. Njia ni ya mawe, machela haipiti, akamfunga mpishi mgongoni kwa kanga na kushuka naye. Wenzake wakitaka kumpokea, anakataa. Kilo nne zilimshinda; sasa kabeba sitini, kila hatua anasikiliza kama mzee bado anapumua. Akapita kile kichaka. Turubai liko pale pale, limekunjwa.

Akamtua mbele ya mizani. Wakamfunika mablanketi, wakamnywesha uji, mzee akafumbua macho. Watu wote wamesimama.

"Mwanangu," mzee akamwuliza, "siku zote zile ulikuwa unaomba nini?"

Ikabidi amjibu.