Kokoto za Ghala la Buku

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmeitikia kivivu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, Panya Buku alikuwa na ghala la mbegu. Unataja jina la mbegu, anazama shimoni, kuru kuru kuru, anatoka na furushi. Tena hakuletei mbegu tupu. Anakufungia na majivu ya kuzuia wadudu, na kijiti cha kutobolea udongo. Wanyama walimpenda sana Buku, na mimi nampenda. Ila Buku mwenyewe hakuwahi kupanda hata punje moja.

Mwaka mmoja Mama Digidigi alichukua Kunde za Sultani, kwa uzuri wa jina. Akapanda. Akangoja. Kimya. Wanawe watatu wakalala njaa. Mvua ya pili ilipokaribia, akarudi.

"Kaka Buku, nikikosea tena nitawazika wanangu. Kunde ipi inaota?"

"Dada, kazi yangu kuleta. Kuota sijui."

Buku akaona haya. Akatangaza: kila anayetumia furushi aweke kokoto mahali lilipotoka, na aseme neno la kumsaidia anayekuja kuchagua. Kasuku atayashika maneno.

Wakaja kuchukua mbegu, wakaweka kokoto palepale. To! To! To! Kunde za Sultani zikapata mlima wa kokoto. Buku akafurahi mpaka sharubu zikacheza.

Mama Digidigi akausogelea mlima ule. Akasita.

"Kasuku, walisema nini?"

"'Asante, Buku.' 'Buku mkarimu.' 'Buku, Mungu akuzidishie.'"

"Na kunde je?"

"Habari za kunde hawakusema. Wameweka kokoto kabla ya kupanda."

Pembeni palikuwa na Kunde za Madoa. Kokoto moja, tena ndogo.

"Hiyo ya Konokono," akasema Kasuku. "Alizipanda msimu uliopita, akavuna, ndipo akaanza safari ya kurudi. Kafika jana. Kasema, 'Ziloweke kwanza. Zinaota siku ya sita. Nyani wanazipenda, kaa macho.'"

Mama Digidigi akachukua hizo. Wenzake wakamcheka, kokoto moja tu! Mvua ikanyesha, cha cha cha. Siku ya nne, kimya. Siku ya tano, kimya. Siku ya sita akakuta shamba lina vichwa vya kijani. Akalia, jamani, akalia kwa furaha.

Baada ya mavuno akarudi ghalani na kokoto moja na bakuli la kunde za nazi. Kokoto akaiweka penye Kunde za Madoa.

"Nyani walikuja kweli. Niligonga debe tupu wakakimbia."

Bakuli akampa Buku.

"Hii ndiyo asante yako, kaka. Kokoto ni ya kunde."

Buku akala, akalamba bakuli. Kisha akautazama mlima wa Sultani, mlima alioupenda. Akashika ufagio, akaufagia wote nje kwa mikono yake.

Basi wanangu, na ninyi wakubwa mnaojificha nyuma yao: kitu kisifie ukishakitumia, na mtu mshukuru kwa jina lake. Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Buku, na ufagio bado anao.