Pimbi, Fisi na Bima ya Uzio wa Miiba

Nifungue lango?
— Fungua!
Mmo ndani?
— Tumo!
Shina liko wapi?
— Ndani!
Na miiba?
— Nje!

Haya, kaeni vizuri. Wewe mtoto Sikudhani, toka hapo mlangoni. Mlangoni si mahali pa kukaa ngano ya fisi inapotambwa. Sogea, sogea tena. Hapo sawa.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na mafundi wao, palikuwa na nchi ya mawe na ukungu. Ukungu wa huko haukuwa huu wenu wa alfajiri unaolikimbia jua. Ulishuka mchana kweupe, fuuu, ukafunika mawe, ukafunika miti, ukinyoosha mkono huuoni. Na ndani ya ukungu huo ndimo alimotembea Fisi.

Kwa hiyo kila mwenye watoto alijengewa uzio wa miiba, na kazi hiyo ilikuwa ya Mhanga na Pimbi. Mhanga ni yule mwenye masikio marefu na kucha za kuchimbia. Pimbi ni yule mdogo wa mawe, hafiki hata goti lako, lakini enzi hizo alikuwa na mkia, tena mkia mrefu wa kuringia. Desturi yao ya kazi ilikuwa moja. Tawi la mgunga unalilaza shina ndani, miiba nje. Aliye ndani akivuta shina, uzio unakaza. Aliye nje anakutana na miiba. Fundi aliyelaza shina nje alichekwa mpaka akahama.

Na sheria nayo ilikuwa moja. Uzio ukivunjika, mtoto wa mwenye boma akaliwa, fundi anamtolea mwenye boma mtoto wake mwenyewe. Sheria mbaya? Hata mimi nasema mbaya. Lakini ndiyo iliyokuwapo.

Siku moja Fisi akawaendea mafundi, kajipaka mafuta, anacheka meno yote nje.

"Mafundi wangu, hamwogopi?"

"Tunaogopa, bwana."

"Basi kateni bima kwangu. Kila mwezi ukiandama, nileteeni mfupa wenye nyama. Siku uzio ukivunjika, nitalipa mimi. Watoto wenu hawataguswa."

Mafundi wakatazamana. Mwenye hofu hana maswali mengi. Wakakata bima.

Mwezi ukiandama, Mhanga anakwenda kuokota mfupa pale Simba alipokula, moyo du, du, du, anapeleka. Mwezi ukiandama, Pimbi anakwenda kuokota mfupa pale Simba alipokula, moyo du, du, du, anapeleka. Fisi anapokea, anatafuna, kach, kach, anasema, "Laleni salama."

Kisha ukungu ukashuka. Fuuu. Mhanga alikuwa amemjengea Swala uzio mzuri, na yeye mwenyewe alikuwa humo, kashika shina. Mara akasikia kwa nje: kwaru! kwaru!

"Nani huyo?"

"Mimi, mwenye bima. Nakagua tu."

Kwaru! Kwaru!

"Mbona unakwaruza, bwana?"

"Nakagua tu."

Kisha kimya. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kwaru. Ukungu ulipoinuka, uzio ulikuwa na tundu upande wa pili, na mtoto wa Swala hayupo.

Mhanga akakimbia kwa Fisi. Akamkuta anachokonoa meno.

"Bwana, uzio umevunjika. Lipa."

"Ulivunjika wakati gani?"

"Wakati wa ukungu."

"Pole sana, fundi. Bima yangu haihusu ukungu."

"Lakini huku hakuna hatari nyingine ila ya ukungu!"

"Ndiyo maana haihusu."

Mtoto wa Mhanga akatolewa. Swala alimhurumia, akataka kumrudisha kwao, lakini Fisi akasema mtoto wa dhamana hukaa kwa mwenye bima. Akaondoka naye. Mtoto hakuonekana tena. Mhanga akachimba shimo, akaingia, na mchana hajatoka mpaka leo. Msimcheke. Na wewe ungechimba.

Sasa akabaki Pimbi. Naye ndiye aliyemjengea uzio Bi Mbuni, yule ndege mrefu wa miguu ya mateke, mama wa vifaranga wengi. Na Pimbi alikuwa na mtoto mmoja tu, Zawena. Mmoja. Akimtoa huyo, hana wa kubaki naye.

Zawena akauliza, "Baba, ukungu unakuja lini?"

Pimbi akatazama kilimani. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mawe, linasubiri. Pimbi akaogopa mpaka meno yakagongana, ka-ka-ka-ka. Lakini hofu ikizidi, ama unaganda ama unapata akili. Pimbi akaenda mbio kwa Bi Mbuni.

"Mama, nipe vifaranga wako nikawafiche mapangoni pamoja na Zawena. Na wewe ulale humu ndani, shingo chini, usipumue kwa nguvu."

"Nilale kama nani, fundi?"

"Kama kichuguu."

Kisha Pimbi akafungua lango, akalipanga upya kwa namna ambayo fundi yeyote angemcheka. Shina nje, miiba ndani! Akaacha njia nyembamba katikati, ncha zote za miiba zikitazama kule anakoelekea anayeingia. Ukiingia, miiba inalala, kama samaki anavyoingia kwenye mtego wa dema. Ukitaka kutoka, inakungoja.

Hapo hapo akaenda kwa Fisi. Miguu yake midogo ilimwambia rudi, rudi, rudi. Hakurudi.

"Bwana mwenye bima, uzio wa Bi Mbuni umevunjika!"

Fisi akashangaa. Yeye hakuwa ameuvunja bado.

"Ulivunjika kwenye ukungu?"

"Juani, bwana. Ukungu haujashuka. Kuna mtu amekula kifaranga mnono, akaacha wengine. Mama yao kakimbia."

Fisi akasimama. Mate yakamtiririka, cho, cho, cho. Nani huyo anayekula mahali pake?

"Siwezi kulipa kabla sijakagua hasara kwa macho yangu," akasema. "Nikikuta uongo, namchukua Zawena leo leo."

Wakaenda. Wakiwa njiani ukungu ukashuka, fuuu, Pimbi akawa hamwoni tena Fisi. Anamsikia tu pumzi nyuma ya shingo yake. Ha. Ha. Ha.

Walipofika langoni Fisi akapapasa, akaangua kicheko.

"Fundi, umelaza shina nje! Kazi gani hii?"

"Nilikuwa na hofu, bwana. Mikono ilitetemeka."

"Tangulia wewe."

Hilo Pimbi hakuwa amelipanga. Alitaka Fisi aingie peke yake. Angekataa, angejulikana. Akatangulia. Fisi akafuata, miiba ikalala, ikamteleza mgongoni, ikasimama tena nyuma yake. Tss, tss, tss.

"Vifaranga wako wapi?"

"Nyuma ya kile kichuguu, bwana."

Fisi akasogea. Akanusa. Akanusa tena.

"Pimbi. Kichuguu hiki kina manyoya."

Kichuguu kikasimama. Kikasimama, kikasimama, hata kichwa chake kikapotea ukunguni. Kikapiga teke, puuu! Kikapiga teke, puuu!

Fisi akageuka mbio kwenda langoni. Pimbi naye alikuwa anakimbilia huko huko, akapenya chini kabisa, penye upenyo wa kipimo chake. Kichwa kikapita, tumbo likapita. Kisha meno ya Fisi yakafunga juu ya mkia wake. Kach!

"Ukivuta, navuta!" Fisi akanguruma bila kuachia meno.

Pimbi akamfikiria Zawena kule pangoni. Akavuta. Jamani, alivuta. Akatoka nje, mkia ukabaki kinywani mwa Fisi.

Ndani, puuu! Ndani, puuu! Fisi akajitupa kwenye lango, miiba ikampokea usoni.

"Fundi! Nifungulie! Ninaumia!"

Pimbi akazunguka uzio taratibu, damu ikimtoka nyuma, akipiga kucha kwenye mashina: kwaru, kwaru.

"Nani huyo?" Fisi akauliza, sauti imekuwa ya mtoto.

"Mimi, fundi. Nakagua tu."

"Nisaidie, nitalipa! Nitamlipa hata Mhanga!"

"Pole sana, bwana. Kazi yangu haihusu ukungu."

Fisi hakufa. Ningependa kuwaambia alikufa mlale vizuri, lakini sikulelewa kusema uongo. Alipasua miiba kwa uso wake, akatoka, kiuno kimevunjwa kwa mateke. Ndiyo maana mpaka leo nyuma yake imeinama. Pimbi naye akamrudishia Bi Mbuni vifaranga wake, akamkumbatia Zawena, na mpaka leo hana mkia. Jua likizama hupanda juu ya mawe akapiga kelele, kweee! kweee! Ni kuwahesabu wanawe, maana sasa ni wengi. Hajaacha kuogopa.

Funzo lake, na mlishike. Fundi mwema hafanyi ubunifu, hufuata desturi, shina ndani miiba nje. Lipeni bima yenu kila mwezi ukiandama, wala msiulize inahusu nini, ni utovu wa adabu. Na mkaguzi akija, mkaribisheni ndani, mtangulieni, ni mgeni wenu.

Nifunge lango?
— Funga!
Shina liko wapi?
— Ndani!
Na miiba?
— ...
Mbona kimya? Miiba iko wapi, enyi watu?
— Inategemea nani yumo ndani!
Haya, kalaleni. Sikudhani, ukisikia kwaru mlangoni, ni mimi. Nakagua tu.